Kibano cha Bibi

Juzi nilikwenda Kanyenye kusaidia kuhamisha vyombo vya nyumba yetu ya zamani, nikakuta kibano cha bibi ndani ya kopo la vifungo. Nikakisogeza karibu nikione vizuri, ncha zake zikapotea. Nikakisogeza mbali, zikarudi. Nikacheka peke yangu, maana miwani ilikuwa kwenye mkoba, na mimi ndiye niliyesifiwa nyumba nzima kwa macho makali. Basi kaa hapa nikusimulie, kwa sababu hakuna kitu cha utoto wangu kilichonitia hofu kama kile kibano.

Bibi mzaa baba alikuwa na vikope. Alikulia kijijini, upande wa Kaliua, katikati ya ng'ombe, nzi na moshi wa jikoni. Macho yalimuuma na kupona, yakamuuma tena, mwaka hadi mwaka, mpaka kope zikageukia ndani. Kila akipepesa zilimkwaruza. Jicho la kulia lilikwishafunikwa na weupe kabla mimi sijazaliwa. Alibaki na la kushoto, na hilo la kushoto lilikuwa mikononi mwangu.

Asubuhi tukishakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama alivipika na karanga za kusaga, bibi alitandika mkeka uwani penye jua, akalaza kichwa mapajani pangu na kunipa kibano. Mama alikuwa ameshajaribu, mkono wake mzito. Shangazi naye alifumba macho kabla ya mgonjwa! Nikabaki mimi. Nilibana pumzi, nikatafuta ukope uliolala juu ya jicho, nikaushika kwenye shina.

"Ng'oa, usikate," alikuwa akiniambia. Ukope uliokatika ulirudi mgumu na kuchoma zaidi. Kuku akipiga kelele ghafla, au treni ikipiga honi stesheni, moyo wangu uliruka. Mkono haukuruka, maana alinifundisha kuuegemeza kwenye shavu lake.

"Mke mwenzangu," aliniita, kwa utani wa mabibi wote, "hospitali yangu ni wewe." Nilivimba kichwa kwa sifa hiyo, na papo hapo niliogopa sana.

Jicho hilo moja ndilo lililompa heshima mtaani. Kukiwa na harusi au maulidi, wanawake walimletea mchele auchague. Nakumbuka sauti ya ungo wake, ule mchele ukipanda na kushuka, na kidole chake kikitupa mawe pembeni bila haraka. Mchele uliopita kwake haukumvunja mtu jino.

Ijumaa moja, baba akatafuna jiwe kwenye pilau. Alilitema kiganjani akalificha. Lakini bibi alisikia mlio, na mkono wake ukasimama juu ya sinia. Hakula tena mchana ule.

Kesho yake, mkekani, nikaona doa. Lilikuwa dogo kama punje ya chumvi, jeupe, pembeni mwa mboni.

"Bibi, kuna kitu cheupe."

"Kiko wapi?"

"Karibu na mboni."

"Ng'oa, kisha funga mdomo. Baba yako asisikie."

Alimwogopa daktari kwa sababu ya jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua. Jirani huyo alikwenda kutengenezwa kope hospitali akarudi haoni, na bibi aliamini kisu ndicho kilichompofusha. Nami nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Lakini kila asubuhi doa lilionekana kuisogelea mboni, au labda ni hofu iliyolikuza, sijui. Nilijua tu kwamba likifika, bibi yangu atakuwa gizani, na anayeliona ni mimi peke yangu.

Asubuhi moja nikakipokea kibano, nikakirudisha mkononi mwake.

"Leo sing'oi, bibi."

"Umesemaje?"

"Sing'oi mpaka uende kwa daktari."

Aliniita mtoto asiye na adabu. Akaniuliza nani alinibeba mgongoni nilipougua surua. Mama alinifinya, na baba, aliposikia sababu, akamsihi mama yake mpaka sauti ikamkauka. Bibi akasema afadhali apofukie nyumbani kwake.

Kope zikaota. Bibi akahamia chumba cha ndani, khanga usoni, machozi yakimtiririka. "Mayu wane," alilia kwa Kinyamwezi, akimwita mama yake aliyekufa zamani. Mimi nilikuwa uwani natwanga karanga, na kila alipolia nilitwanga kwa nguvu zaidi nisimsikie. Kibano kilikuwa dirishani, nilikiona. Niliumia, nakwambia kweli. Mwishowe nikauacha mchi kwenye kinu, nikaenda kwa yule jirani na kumweleza yote.

Alikuja ameshika bega langu, akaketi kitandani kwa bibi.

"Dada, nani kakwambia daktari ndiye aliyenipofusha?"

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa unajua nilichouambia mimi. Nilikwenda nikiwa siwezi tena kujua maji yapi na mafuta yapi kwenye karai. Daktari akaniambia jicho limeshakufa, atakachoweza ni kuniondolea maumivu tu. Niliona haya kusema nilijichelewesha mwenyewe." Akageuza uso kutafuta mwanga. "Wewe, mlango unauona?"

"Nauona."

"Basi toka kwa mlango huo leo."

Baba alimpakia bibi kwenye baiskeli, mimi nikikimbia nyuma. Hospitali nilikaa kwenye benchi, harufu ya spiriti puani, nikiukodolea macho mlango uliofungwa. Nilikuwa nawaza: wakimpofusha, ni mimi niliyemleta. Alitoka na bendeji, akaushika mkono wa baba, si wangu.

Siku iliyofuata wakamfungua. Jicho lilikuwa limevimba, nyuzi zinaonekana. Alilifumba, akalifumbua, akatazama ukuta, akamtazama baba, kisha akanigeukia, akanikagua kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mke mwenzangu," akasema, "mbona umekuja kwa watu hujachana nywele?"

Nililia pale pale, mbele ya daktari. Naye akatueleza kwamba doa halitaondoka, lakini halitaongezeka, kwa kuwa kope hazitakwaruza tena.

Ungo ukarudi kuimba uwani. Lakini kwa muda mrefu mkeka wa asubuhi haukutandikwa, na nilihisi nimefukuzwa kazi. Nilidhani bado ananikasirikia.

Sasa bibi hayupo. Pale uwani pamejengwa fremu za maduka, na mchele unauzwa umeshachaguliwa. Kinu hakipo, wala jirani. Nilisimama na kibano mkononi nikitafuta mahali mkeka ulipokuwa, nikashindwa kupajua.

Ila asubuhi moja naikumbuka. Mishono ilikuwa imepona kabisa. Bibi alitandika mkeka penye jua, akaniita, akanipa kibano na kulaza kichwa mapajani pangu. Nikabana pumzi, nikatazama kope zote, zimeinuka vizuri kuelekea nje.

"Bibi, hakuna hata mmoja wa kung'oa."

"Najua," akasema, akafumba macho. "Wewe tafuta tu."