Fundi Mistari na Upande wa Kulia

Saa tatu asubuhi, mpiga picha wanayemwita Fundi Mistari anaipanga familia mbele ya pazia la buluu, kisha anawahesabu. Anawahesabu tena. Feni inazunguka, lakini jasho linamtiririka.

"Babu, sogea ndani. Shangazi, tazama huku." Anahesabu mara ya tatu.

Zamani hakuwa mtu wa kuhesabu. Kwa miaka ishirini na sita, katika chumba hiki kimoja, kazi yake ilikuwa mistari ya kuigawa picha: miwili ya kusimama, miwili ya kulala, yote ya kuwaza tu. Macho ya mteja yakae kwenye mstari wa juu, mwili kwenye mstari wa pembeni, na anakotazama kuachwe nafasi. "Katikati ni kwa picha za kitambulisho," huwatania wateja. "Umekuja kupendeza au kukamatwa?"

Miezi minne iliyopita mama mmoja alirudi na bahasha. "Fundi, tulikuwa kumi na mmoja. Mbona hapa tuko kumi?"

Aliyekosekana ni bibi, aliyesimama mwisho kulia. Ulibaki mkono wake tu, begani kwa mjukuu.

"Kamera imezeeka, mama," alijibu, akawapiga upya bure. Kamera ilikuwa nzima. Alipobaki peke yake alifumba jicho la kushoto, akautazama ukuta kwa la kulia, jicho lake la kazi. Pembeni kulikuwa na ukungu mtupu.

"Nikajua ni jicho," anasema kwa sauti ya chini. "Baba yangu alianza hivihivi. Aliishia kushikwa mkono kwenda msalani."

Hospitali hajakanyaga. Mkewe hajui. Ukimwambia "mficha maradhi kifo humuumbua," anajibu: "Methali naijua. Ninaogopa tu."

Mchana mkewe analeta chakula, na Fundi anaomba ampige picha. Kwa mazoea, mke anakivuta kigoda hadi pembeni kulia, mahali pake pa siku zote.

"Njoo katikati," anasema mume, jicho kwenye kamera.

"Makubwa! Leo nimekuja kukamatwa?"

Mume hacheki. Anaishusha kamera.

"Mama watoto, njoo katikati. Huko pembeni sikuoni."

Mke anainuka, anaipokea kamera, anaiweka mezani taratibu. "Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Na ulikuwa unaniangalia tu!" Anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kesho saa mbili watakwenda kwa daktari wa macho, wote wawili. Fundi Mistari bado anaogopa, na jambo hilo halifichi tena.

"Kama jicho halitapona, basi libaki hapo lilipofika," anasema. "Mke wangu akikaa katikati, bado namwona."