Gari la Bure Makambako

Wiki iliyopita nilipewa lifti kutoka Njombe katika gari la wagonjwa, lile ambalo baraza letu limelitengea fedha za kodi ili maskini wabebwe bure. Tulipoingia kijiji kimoja karibu na Makambako, watu waliokuwa wakiongea barabarani walitoweka. Milango ikafungwa, hata mbwa hawakubweka. Katika nyumba tuliyoitiwa, binti mmoja alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake.

Mama yake alisimama mlangoni. "Mnatoza nini?"

"Hatutozi kitu, mama," dereva akajibu.

"Ndiyo maana naogopa. Wanyonya damu wanaopita na magari nao hawatozi." Akanigeukia mimi. "Lala wewe kwanza."

Nikajilaza kwenye machela ndani ya gari, mlango ukafungwa. Mle mlikuwa na giza na harufu ya dawa, na nje kimya kabisa. Nikagonga, hawakufungua. Nikagonga tena, na hapo, mimi mwandishi wa magazeti, nikaanza kuyaamini yote yasemwayo kuhusu wanyonya damu.

Walipofungua, mama mtu alinipapasa shingo polepole, kisha akanusa vidole vyake. "Haya, mbebeni."

Binti alijifungua salama Njombe. Baraza limelipia petroli, nalo limefanya vyema. Ila wa kulala kwanza bado hajatengewa fungu.