Sungura Ni Sisi

Jamani, leo nimeulizwa kama nafuga sungura!

Nilikuwa kwenye lile duka la kanisa hapa Malvern, huku ugenini, la bei chee, linalotusitiri sisi ambao mshahara haufiki mwisho wa mwezi.

Mzee mmoja anayejitolea pale alikuwa anakata majani ya bitiruti na kuyatupa. Mboga mbichi kabisa! Nikamwomba anifungie yote.

"Una sungura nyumbani?" akauliza, kwa upole tu.

Foleni nzima ikanigeukia.

Binti yangu Neema, ambaye dukani humo husimama mbali nami kama hatujuani, asije akaonwa na wenzake, akasogea. Akauchukua ule mfuko, akasema kwa Kiingereza chake, kwa sauti:

"Sungura ni sisi. Mama huyaunga na karanga. Ukionja hutayatupa tena."

Mzee akacheka, akaomba aelekezwe kuyapika. Neema akamwelekeza mwanzo mwisho!

Na huyu mtoto nyumbani hiyo mboga anaila kwa kununa, jamani.

Wazazi wenzangu, nicheke au nilie?

Mfuko kaubeba mwenyewe hadi ndani ya basi, majani yakichungulia nje. Kakaa kiti cha mbele, pale kila anayepanda anamwona.