Pudingi Niliyoichelewesha

Kigi-kigi-kigi. Mlio wa kisahani kikichezacheza ndani ya sufuria ya maji yanayochemka bado ninao masikioni, na tangu Jumanne, nilipoambiwa kwamba jirani yangu wa chini amefariki, sijatulia. Wasomaji wangu wa hapa Lewisham, London, mnawajua majirani wa salamu za kwenye ngazi tu. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa bibi wa Kiskoti, mjane, na wiki niliyohamia alinigongea akaniomba nimsaidie kupika pudingi ya kwao: unga, zabibu kavu, mdalasini na mafuta ya ng'ombe, vyote vinafungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa saa nne nzima.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo mimi nilibaki jikoni, yeye akakaa sebuleni na redio yake. Basi, alikuwa ameweka kisahani chini ya pudingi, na kelele zake zikanikera. Nikakiopoa. Baadaye akaita, "Wewe binti, mbona kimya huko?" "Nimekitoa kisahani, Bibi, kilikuwa kinapiga kelele." "Ndiyo kazi yake! Kinaniambia maji yapo, na kinazuia pudingi isishike chini!" Tulikuta maji yamekauka, kitambaa kimeungua, moshi tele. Nikajua leo nafukuzwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na ulivyojisifu kwamba unajua kupika!" "Najua, Bibi, lakini kwetu sufuria ikilalamika tunaiondolea kero."

Adhabu yake ikawa moja: nimpikie nyingine, mwenyewe, aionje kabla hajafa. Nikaahidi. Lakini si mnazijua shifti za sisi tunaofanya kazi hospitali? Na mimi na ndoto zangu za kufungua kibanda pale sokoni, niuze pudingi hiyo hiyo nikiitia iliki, kila nikipigiwa simu ya kazi naitikia ili nipate mtaji. Tukikutana ngazini ananiuliza, "Binti, pudingi yangu?" "Jumapili, Bibi." "Jumapili ya mwaka gani?" Tunacheka, napita mbio.

Nadhani wengi wetu mjini hapa tunaishi hivyo, tunawawekea tunaowapenda siku ambayo hatuna shughuli, na siku hiyo haipo. Mzee akikuomba kitu, mpe wiki hii hii, hata kikiwa kibaya.

Jana nilikataa shifti. Nikachanganya, nikafunga, nikachemsha saa nne. Nikakata kipande kingali moto, nikakila nimesimama, maana kukaa kulinishinda.