Kamati ya Uso Wangu

Mtu anayenawa uso ndani ya bafu lenye mlango hajui uhuru alio nao. Sisi wa vyumba vya kupanga vya Namuwongo, hapa Kampala, tunanawa uani. Kioo changu nimekifunga kwa waya kwenye nguzo ya kamba ya nguo, beseni liko juu ya jiwe, na bomba ni moja kwa wote. Nikiinama kunawa asubuhi, kila anayepita na mswaki mdomoni ana haki ya kusimama, kuangalia na kutoa maoni. Na akishatoa anatema povu, maana yake mjadala umefungwa.

Maoni hayakosekani, kwa sababu uso wangu ni wa mafuta. Sisemi yale mafuta kidogo ya kumfanya mtu aonekane amelala vizuri. Nasema mafuta ya kazi. Ikifika saa sita mchana, ukinibandika gazeti kwenye paji la uso unaweza kusoma habari za ukurasa wa nyuma. Halafu uso huohuo, pamoja na utajiri wake wote, una hasira za karibu. Ukiugusa na kitu usichokizoea unawasha, unavimba, unatoa chunusi mpya kana kwamba zile za zamani zilialika wageni.

Ningeishi nao hivyohivyo, maana mimi si mtu wa kununa. Lakini likaja jambo la bango.

Ninasuka nywele kwenye saluni ya mama mmoja wa kwetu Kongo, karibu na soko la Nakawa. Mvua ya upepo ililichana bango la mlangoni, lile lililokuwa na picha ya mwanamke aliyetolewa kwenye intaneti. Mwanamke huyo hatumjui, ila barabara ileile yuko pia kwenye duka la simu na kwenye kliniki ya meno. Ana kazi nyingi kuliko sisi wote, na hajawahi kuchelewa.

Bosi akasema, "Safari hii nataka mtu wa humuhumu ndani. Wewe mtoto una mifupa mizuri ya uso." Nilikuwa bado naimeza hiyo sifa aliponielekezea kitana kwenye shavu la kushoto. "Lakini hizo chunusi hazipandi kwenye bango langu. Mpiga picha anakuja baada ya Pasaka. Ukiwa umepona, ni wewe. Usipopona, namrudisha yule wa intaneti."

Mimi nimeota mambo mengi maishani, mengi bila kibali cha mtu. Nimeota saluni yangu mwenyewe yenye viti vinavyozunguka. Nimeota kumsuka bibi harusi ndani ya ndege. Ila hii ilikuwa ndoto ya kwanza kuletwa kwangu na mtu mwingine, na yenye tarehe karibu.

Halafu kuna mama yangu. Yeye yuko Bunia. Tangu niondoke, uso wangu anauona kwenye simu ya jirani yake, na kioo cha simu hiyo kimepasuka, kwa hiyo kila tukiongea ananiuliza nimekatwa na nini. Nikampigia siku hiyohiyo.

"Mama, nitakutumia picha yangu nimetundikwa barabarani Nakawa."

"Umefanya kosa gani?"

Nikamweleza habari ya bango. Akacheka, akasema atasubiri, na kwamba atawaonyesha wenzake wote wa kwaya, kwa sababu wamezoea kuonyeshana vyeti vya watoto na yeye mtoto wake aliishia kidato cha pili. Hakusema kwa ubaya. Lakini mtu ukishamwahidi mama yako na kwaya nzima, huna pa kurudi.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye kioo changu na nia mpya, na kamati ikakutana.

Mwenyekiti alikuwa afande wa chumba cha kwanza, polisi wa kule Naguru, mtu anayepiga viatu vyake rangi mpaka vinashindana na paji langu. Aliniangalia kwa muda, kiatu kimoja mkononi.

"Wewe dada, hii uso iko na kesi gani?"

"Chunusi, afande."

"Naona. Iko ngapi?"

"Sijahesabu."

"Hapo iko makosa. Mutu analala kwa nyumba yako, wewe hajui hata hesabu." Akapuliza kiatu, akatoa hukumu. "Ni karanga. Acha karanga." Akachomoa karanga mfukoni, akaendelea kutafuna.

Mama wa mkaa, ambaye anauza getini na kumwita kila mtu mwanawe, hakukubaliana naye. "Bambi, mwana wangu, si karanga. Iko mutu nakuonea wivu." Niseme kitu kuhusu mama huyu. Anashinda ndani ya vumbi jeusi toka asubuhi, jioni anajipangusa kwa pindo la gomesi lake, lile gauni refu la Kiganda, na ngozi yake ni laini kama yai lililomenywa. Mungu naye ana utani wake. Dawa yake ya wivu ilikuwa limau: kata, paka, ngoja.

Nilikata, nikapaka, sikungoja sana. Limau lilinikuta na vidonda vidogo ambavyo hata mimi sikuvijua, likavitembelea kimoja kimoja. Siku hiyo nilikwenda kazini nikiwa kama mtu aliyegombana na nyuki, na nyuki wakashinda kwa kura zote.

"Imetoa uchafu," mama wa mkaa alisema kwa furaha. "Rudia."

Hapo ndipo alipoingia dada Mkenya wa chumba cha pili. Yeye anapokea simu katika ofisi moja ya Nakawa, na anachojua kuhusu ngozi amekitoa kwenye video za wasichana wanaonawa mbele ya sinki jeupe, kitambaa kichwani, wakitabasamu kama watu wasiokuwa na foleni ya bomba nyuma yao.

"Shida yako huna ratiba," aliniambia. "Ngozi ni kama mtoto wa shule, dada. Bila ratiba inazurura."

Akaja na chupa zake, akazipanga kwenye jiwe langu. Ya kuoshea. Ya kupangusia. Ya matone. Ya kulainisha. Ya kuzuia jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa bado halijaamka.

"Hii inatoa mafuta," alisema. "Na hii inayarudisha."

"Si tungeyaacha tu palepale?"

"Usiulize maswali kama mtu hana intaneti."

Basi nikauleta uso, nikapakwa. Dada yule ana moyo mzuri, ukweli niuseme. Chupa zile alizinunua kwa jasho lake na alinimiminia bila kupima. Lakini ile ya jua ilikataa kuingia ndani. Ilikaa juu, nyeupe, na mimi chini yake kama andazi lililoangukia unga. Afande akatoka chumbani, akasimama wima.

"Pole sana," akasema. "Nani amekufa?"

Mpaka mchana unga ule ulikuwa umekutana na mafuta yangu na kuwa uji. Kesho yake chunusi zilikuwa zimeongezeka, na dada Mkenya akaniambia nisiogope, ngozi inajisafisha. Nimegundua kwamba hawa wote wana neno moja tu la kukutuliza: ukipona ni dawa yao, ukiungua ni uchafu wako unatoka.

Bosi naye hakukaa nyuma. Aliniita nyuma ya kaunta, akanionyesha kikopo kisicho na jina. Mkorogo wa kujichubua. "Hiki kinamaliza yote. Mimi je, umewahi kuniona na chunusi?" Kweli, sijawahi. Uso wa bosi umeshahamia Ulaya zamani. Ni viungo vya vidole tu vilivyobaki Kongo kulinda nyumba. Nikaviangalia vile vidole vilivyoshika kikopo, nikasema asante mama, nitafikiria. Wala sikusema hivyo kwa busara. Niliogopa tu kuwa mtu wa rangi mbili kwenye bango moja.

Pasaka ikawa inasogea. Kila asubuhi nilikitazama kioo changu, ambacho ni kidogo kiasi cha kuonyesha shavu moja kwa zamu, na mimi nilikuwa nakionyesha lile gonjwa tu, la kushoto. Nilianza kukata tamaa kidogo. Nilishamtungia mama maneno: kwamba bango limeahirishwa, kwamba saluni imebadili mpango. Nikawaza ile kwaya wakimwuliza, na yeye akisema bado, bado kidogo.

Mchana mmoja wa mvua wateja walikuwa wachache. Nilikuwa namsuka mwanamke aliyesinzia, na hakukuwa na mtu wa kupiga naye soga, kwa hiyo nikainua macho nikajiona kwenye kioo kikubwa cha saluni, uso mzima kwa mara moja. Shavu la kushoto lilikuwa linawaka. Shavu la kulia lilikuwa safi, limetulia, linaishi maisha yake kama nchi jirani isiyohusika na vita.

Nikasimamisha mikono. Wivu gani huu unaoonea upande mmoja? Na karanga, mbona nazitafuna kwa magego yote?

Nikashuka kwa macho polepole. Begani mwangu, bega la kushoto, kulikuwa na fungu la nywele za bandia, zile tunazoita meshi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: meshi inakaa begani, mkono wa kulia unachomoa nyuzi, kazi inaenda mbio. Nikiinama, fungu linalala kwenye shavu langu. Nywele hizo zina dawa ya kiwandani ambayo hata vidole inaviwasha. Nikiwashwa, najikuna na mgongo wa mkono uliojaa mafuta ya nywele za mteja. Kutwa nzima. Kila siku ya Mungu. Jioni narudi nyumbani kulilaumu shavu langu.

Kamati nzima ilikuwa imeupeleleza uso wangu bila kuuliza huwa unashinda wapi. Afande mwenyewe, na kazi yake ile.

Nikalihamishia fungu kwenye mgongo wa kiti. Meshi mpya nikaanza kuziloweka kwenye maji ya siki na kuzianika kabla sijazigusa. Kujikuna, nikajifunza kutumia kitambaa safi kilichofungwa kiunoni. Na uso nikauacha upumzike: asubuhi maji na sabuni ya mtoto mchanga, kwa viganja tu, bila kusugua kama sufuria, kuukausha kwa kuubonyeza na kitambaa chake peke yake, tone dogo la losheni isiyo na manukato. Nikitoka kazini, hivyohivyo tena, kabla sijakaa chini. Basi.

Uani hawakupenda. "Hiyo si ratiba," alisema dada Mkenya, "huo ni uvivu." Mama wa mkaa alinitazama kama mtu aliyeacha dini. Lakini shavu likaanza kupoa, chunusi moja ikaondoka na nyingine ikaifuata, na kufikia Pasaka kamati ilikutana tena, safari hii kugawana ushindi. Ilikuwa limau, limefanya kazi polepole. Ilikuwa zile chupa, ngozi imemaliza kujisafisha. Afande alisema, "Si mimi nasema karanga?" Nikamwambia ndiyo afande, ingawa nilikuwa nazo mfukoni. Kwa nini nimnyime mtu furaha yake?

Mafuta hayakuondoka, hayo ni ya kwangu. Lakini mafuta peke yake, bila moto, ni kitu cha kuishi nacho.

Bosi akanigeuza uso huku na huku, akasema, "Ni wewe." Mpiga picha akanipaka poda, akanikalisha, akapiga. Nilimwomba kitu kimoja, kovu langu la kidevuni lionekane; niliangukia sufuria utotoni na nimelizoea. Akasema usijali, dada.

Bango likaja limeviringishwa. Tukalikunjua sote. Nilikuwa mrembo, huo ni ukweli. Nilikuwa pia mtu mwingine. Pua ilipunguzwa, rangi ilikuwa ya chai yenye maziwa mengi, kidevu hakikuwahi kuona sufuria, na mashavu yote mawili yalikuwa na amani ya sahani mpya.

"Umeona?" bosi alisema, machozi karibu yamtoke. "Kama yule wa intaneti kabisa."

Likatundikwa mlangoni, na siku hiyohiyo akaingia mteja mpya, akakaa kwenye kiti changu, akaniangalia kwenye kioo. "Mimi nataka anisuke yule wa kwenye bango."

"Yuko likizo, nnyabo," nikamwita kwa heshima ya Kiganda. "Nitakusuka mimi."

"Yule ana ngozi. Anapaka nini?"

"Kompyuta," nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza kama inapatikana hapo sokoni.

Picha ya bango nilikuwa nimeshamtumia mama asubuhi. Ujumbe wake wa sauti ulifika nikiwa katikati ya kichwa cha yule mteja, na nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakiongea kwa pamoja. "Mwanangu, tumeiona. Ni msichana mzuri. Sasa tutumie na ya kwako."

Nilimaliza kusuka. Kisha nikatoka nje, saa saba mchana, jua utosini, nikasimama chini ya bango na kuinua simu bila poda, bila kupangusa chochote. Kovu lilikuwepo. Paji lilikuwa linawaka kama taa ya pikipiki. Nikatuma.

Safari hii alijibu kabla sijafika mlangoni. Kwanza kulikuwa na kelele na vigelegele vya kwaya, halafu sauti yake, karibu kabisa na simu.

"Eh, huyu sasa ni wangu. Nimemwonyesha kila mtu, mpaka mchungaji." Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka wengine wamsikie. "Lakini mwanangu, hayo mafuta usoni ni ya nini? Uganda hamna limau?"