Nilivunja Kibubu kwa Ajili ya Wifi, Mume Wangu Anadhani Nahonga Mwanaume

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Mume wangu hana simu ya kuperuzi lakini majirani zangu wanazo. Jina la wifi nimelibadilisha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Somanda hapa Bariadi. Mume wangu ni fundi ujenzi, mimi nauza chai na chapati asubuhi. Tulikuwa na kibubu cha mbao chini ya kitanda. Chenji yoyote inayobaki, yake au yangu, inaingia humo. Tulikubaliana hakiguswi mpaka tupate dharura, kama mtoto kuumwa au msiba. Hata watoto wakitoka dukani walikuwa wanagombania nani atumbukize.

Msimu wa pamba uliopita, wifi yangu Kabula alikuja kutoka kijijini kwao, upande wa Lagangabilili. Ni binti aliyemaliza kidato cha nne majuzi tu. Mume wangu alikuwa na kazi Mkula, wanalala hukohuko. Kabula alikaa jikoni, chai ikapoa hajaigusa. Akaniambia, "Wifi, baba ameshapokea ng'ombe. Jumamosi wanakuja kunichukua."

Mwanaume mwenyewe ni mkubwa kuliko kaka yake, na ana wake wawili tayari.

"Mama yako anasemaje?"

"Mama ndiye kanituma kwako. Kasema kaka asijue."

Mume wangu namjua, ni mtu mzuri, ila mbele ya baba yake hana kauli. Angemrudisha mdogo wake huku roho inamuuma. Nikachukua nyundo, nikabandua ubao wa kibubu, nikampa Kabula hela yote. Akapanda basi akaenda kwa mtu ambaye simtaji hapa. Yuko salama, anajifunza kushona. Kijijini wanaamini katoroka na kijana. Mimi nikagongelea ubao upya, nikajipa moyo kwamba nitajaza tena taratibu.

Sikupata nafasi hiyo. Mama mkwe aliletwa hospitali hapa mjini tumbo limevimba, wakasema lazima apasuliwe. Mume wangu akaja nyumbani mbio, akavunja kibubu, akakuta vichenji vya kununulia chumvi. Aliniangalia kama hanijui.

"Hela iko wapi?"

Nikainama kuokota vipande vya ubao.

"Nakuuliza, umempa mwanaume gani?"

Watoto walikuwepo, wanasikia. Aliuza pikipiki yake anayoendea kazini na mama akapasuliwa, Mungu mkubwa, akapona. Lakini wodini, mbele ya wagonjwa wengine, mume wangu alimwambia, "Mama, huyu mwanamke alitaka ufe."

Mama mkwe akageukia ukutani.

Mume wangu alipotoka kwenda kutafuta uji, mama alinishika mkono akaanza kulia. "Mayu, nisamehe. Nikifungua mdomo mzee ananifukuza, na binti atafuatwa hukohuko aliko. Nivumilie." Kwetu mayu ni mama. Siku zote mimi ndiye ninayemwita hivyo, siku hiyo yeye ndiye aliyeniita. Nilimfuta machozi, nikamwambia sitasema.

Sasa mume wangu hali chakula changu. Analala sebuleni. Mwanangu mkubwa ameniuliza, "Mama, kweli una mwanaume?" Jumapili hii kuna kikao, wazazi wangu wameitwa, na baba mkwe ndiye mwenyekiti. Natakiwa nimtaje huyo mwanaume au nirudi kwetu bila watoto.

Nikisema ukweli, Kabula atasakwa na mama mkwe atafukuzwa kidonda bado kibichi. Nikinyamaza, napoteza ndoa yangu na wanangu kwa kosa ambalo sijafanya, na mume wangu nampenda. Nimewaza kumvuta pembeni nimwambie yeye peke yake, lakini je, akienda kumwambia baba yake?

Ndugu zangu, mliopita kwenye mambo ya ukweni kama haya, niambieni. Nikikaa mbele yao Jumapili, niseme nini?