Chupa Ndani ya Kanga ya Kijani

Shangazi yangu aliamini kuwa kitu kizuri hakiachwi wazi. Sahani ya halwa aliifunika, nguo mpya ya Idi aliificha mfukoni mpaka asubuhi ya sala, na mtoto mchanga ndiyo usiseme. Nyumba yetu ya Sib, mji wa pwani katika nchi ya Waarabu, ilikuwa ya watu kuingia na kutoka, naye aliliogopa jicho la mtu kuliko homa. Mama yangu alifariki mimi sijafikisha hata miezi mitatu. Shangazi ndiye aliyenilea, katika chumba chake cha uani.

Nilikua nikimcheka. Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha nilikuwa chuoni nasomea elimu ya viumbe, na nikijiona nimeshayavuka mambo ya kijicho.

Siku moja mwalimu wetu alituletea habari iliyoniteka. Majani na mwani, alisema, hula mwanga kwa klorofili. Huchukua mwekundu na wa buluu, na kuurudisha wa kijani, ndiyo maana tunayaona ya kijani. Lakini baharini wamepatikana bakteria wadogo mno, wa jamii ya saianobakteria, wenye klorofili ya namna nyingine. Hao hujibanza chini ya viumbe wenzao, mahali ambapo mwanga mzuri umeshaliwa na walio juu. Kinachowafikia ni wekundu wa mwisho kabisa, ule ambao macho yetu karibu hayauoni. Wenzao hawana haja nao. Wao wanaishi kwa huo.

Nikataka kuwapata wa kwetu. Maji yakitoka nilikwenda pwani na kisu, nikakwangua chini ya vidude laini vinavyoganda kwenye mawe, nikatia chupani. Kila chupa iligeuka supu ya kijani. Mwani wa kawaida ulikuwa na pupa, ukakua haraka na kuwasonga wengine wote. Mwalimu akaniambia wazi kwamba nisipokuwa na kitu cha kumwonyesha baada ya likizo, utafiti huo niuache, nianze mwingine.

Nilikuwa nimebakiwa na chupa moja. Maabara ikafungwa kwa matengenezo ya viyoyozi, nami nikatakiwa kwenda mji wa Sur kwenye mafunzo ya wiki tatu. Nikaiweka chupa kwenye dirisha la shangazi.

"Isiguswe, Shangazi. Inataka mwanga tu."

"Khalas, nshasikia."

Niliporudi, pale dirishani nilikuta kifurushi. Kanga yake ya kijani kibichi, ile kuukuu aliyokuja nayo kutoka Unguja, ilikuwa imekunjwa mara mbili, ikazungushwa kwenye chupa yote na kufungwa fundo shingoni.

Naona haya kuyaandika niliyoyasema. "Umeniulia! Kazi ya mwaka mzima! Kwa ujinga wenu wa kijicho!"

Shangazi alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. "Bi jirani kaja kunywa kahawa," alisema taratibu. "Akaitizama, akasema, looo, kijani hicho! Hata mashallah hakusema. Wallahi n'kaogopa, mwanangu."

Niliibeba chupa na kanga yake nikatoka, na mlango niliubamiza.

Chuoni maabara ilikuwa imeshafunguliwa, nami niliifungua chupa mbele ya mwalimu kama mtu anayefunua maiti. Supu ya kijani ilikuwa imepauka na kuzama chini. Lakini kwenye kioo, upande uliokuwa ukielekea dirishani, palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya zeituni. Mimi niliuona uchafu. Mwalimu akaukwangua kidogo, akautia kwenye mashine ya kupimia mwanga unaoliwa. Kalamu ya mashine ikachora kilima, na pale ambapo klorofili ya kawaida ingekuwa imeshateremka, ikazidi kupanda, mbali kule kwenye wekundu wa mwisho. Mwalimu akavua miwani.

"Umewawekea taa gani?"

"Kanga," nilisema.

Alidhani namfanyia mzaha. Nilipomwonyesha, akaipima na kanga yenyewe. Ile rangi yake iliuzuia mwanga mwekundu na wa buluu ambao mwani unautegemea, ikaupitisha ule wa mwisho. Mwani ukafa njaa, na wale wanyonge wa chini wakapata nafasi ya kula.

Hasira hasara. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiyasikia maneno yangu mwenyewe, na furaha yote ikaniingia shubiri. Nilimkuta shangazi pale pale kitandani. Hakugeuka. Nikapiga magoti, nikambusu mkono, nikambusu kichwa, nikamweleza yote huku nalia.

"Kwa hivyo wa hai?"

"Wa hai, Shangazi. Wewe ndiye uliyewalea. Nisamehe."

Aliichukua kanga mikononi mwangu, akainusa, akainyoosha mapajani.

"Wewe mwenyewe nlikutia ndani ya kanga hii hii," alisema. "Kila anokuja kumtizama mtoto wa marehemu, nakufunika. Wakisema huyu hatokaa. Je, ulikufa?"

Nililaza kichwa mapajani mwake, mtu mzima mimi, juu ya ile kanga iliyokuwa ikinuka maji ya bahari. Akaniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Yallah, ondoka ukanawe uso," akasema. "Na kesho uwarejeshee kanga yao. Washaizoea."